Kigingi cha Mihogoni

Chiola, Jumanne, Oktoba 1953

Nimeking'oa kigingi chao. Sijui kama ni kosa la kufungwa.

Yule Mzungu anayetafuta madini alipiga hodi vizuri, akaketi mkekani, akauliza kupitia mkalimani wake: "Mama, kuna mahali shambani msipopenda tuchimbe?" Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Hakuna, Bwana." Kwani aliulizwa yeye?

Wakapigilia kigingi katikati ya mihogo, pale tulipomzika mtoto wangu aliyezaliwa amekufa. Tulizika sisi wanawake tu. Mume wangu hajaonyeshwa mahali, wala hajauliza.

Nimekisogeza hatua tano. Kesho wanakuja kuchimba, na naogopa watapima upya.

Wakiniuliza itabidi niseme, na mume wangu atakuwa amesimama papo hapo, juu ya mwanawe.