Kijiti Mkononi mwa Saturnina

Pucarani, 4 Machi 2012

Mdogo wangu Lidia,

Hujambo huko Buenos Aires? Kifua je, kimepoa? Sisi wazima, tumeanza kuchimba viazi.

Miaka sita sijakuandikia, na leo naandika kwa aibu. Nimewekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi, pale zahanati. Nilipomzaa Wilmer, wa tano, damu nusura iniishe. Mume wangu Fermín hajui. Mama yake ananichemshia majani nishike mimba upesi, nami nakunywa na kumshukuru.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyewaambia shangazi kwenye matanga ya Baba kwamba umefunga kizazi ili uzurure na wanaume. Nisamehe. Na usimwambie mtu.

Dada yako,
Saturnina

Buenos Aires, 30 Machi

Dada,

Salamu zimefika. Mimi mzima, nashona.

Daktari aliniambia mimba nyingine itaniua. Nilikwambia wewe peke yako. Mume wangu Rogelio nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia. Akasikia kwa shangazi pale matangani, sahani mkononi, wao wakicheka. Kesho yake akaondoka.

Siri yako haitatoka kwangu. Lakini mumeo mwambie mwenyewe.

Lidia

Pucarani, 4 Novemba

Mdogo wangu,

U mzima? Nimechelewa kujibu kwa woga.

Nilimwambia Fermín. Akahamia kwa mama yake wiki mbili. Aliporudi alikipapasa kijiti kwa kidole.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Basi kiache. Mama niachie mimi."

Juzi, sikukuu ya wafu, tulipeleka mikate kaburini kwa Baba. Shangazi Gregoria akaanza: "Malaya wetu wa Buenos Aires hajambo?" Wakacheka.

Nikasema, "Lidia alifunga kwa kuambiwa na daktari kwamba atakufa. Nilijua hata siku ile ya matanga. Hilo la daktari nililificha makusudi, maana ningelitaja msingecheka."

"Mbona unasema leo?" akauliza Gregoria.

Nikapandisha mkono wa sweta, nikawaonyesha kijiti changu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniaga pia.

Dada yako,
Saturnina

Buenos Aires, 12 Desemba

Dada Saturnina,

Hamjambo nyumbani? Wilmer anatembea?

Shangazi Gregoria amemfikishia Rogelio ukweli. Rogelio akanipigia simu akilia. Ana mke sasa, na mtoto wa miezi minne. Nikamwambia amlee vizuri, nikakata.

Kwa hiyo usiniombe niseme yamekwisha. Hayajakwisha. Ila wewe andika. Siku hizi nikiona mwandiko wako kwenye bahasha, naifungua hata viatu sijavua.

Mdogo wako,
Lidia