Shemeji na King'ora cha Gari Lake

Ndugu yangu, Mola atangulie neno hili, maana ningali naona aibu.

Leo shemeji yangu, muuza magodoro, alisimama kanisani kutoa ushuhuda ili achaguliwe mzee wa kanisa. "Mali si kitu. Furaha yangu ni Bwana peke yake." Akakunja ngumi kwa hisia, akaubonyeza bila kujua ufunguo wa gari lake jipya alioushika.

King'ora cha gari kikalia nje.

Akatupa kipaza sauti, akatimua mbio. Alitimua mbio, ndugu yangu, jina la Bwana likiwa mdomoni.

Aliporudi akihema, dada yangu akamuuliza taratibu, "Baba watoto, furaha yako haijaibwa?"

Akachaguliwa mama mfagiaji wa kanisa, ambaye king'ora kilipolia hakugeuza hata shingo.

Mungu awabariki waliobaki vitini, na shemeji amketishe nao.