Kifua Kilichokataa Kuinuka

Kaloleni, Arusha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na mahindi ya huko Songea hayakuharibiwa na mvua. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia wewe kwa sababu uliifanya kazi hii ya uuguzi kabla yangu.

Unakumbuka nilivyokupigia nikijigamba kwamba nimemaliza kozi ya dharura kwa mtandao? Ukauliza, "Na mikono yako imesoma wapi?" Nikacheka, nikasema hayo ni ya zamani. Kusoma nilisoma kweli. Kila baada ya zamu nilitazama zile video kwenye simu hadi nikazikariri, na mtihani nikapata alama zote. Sista Elirehema, mkuu wa zamu yetu, mama wa Kimeru asiyezungusha maneno, akaniita Jumamosi nikafanye mazoezi kwa sanamu la mpira. Nikamjibu cheti ninacho. Jumamosi hiyo nilienda kusukwa nywele.

Wiki iliyofuata akaletwa mzee wa Maji ya Chai, kichomi kimembana, mkewe ameshika kofia yake. Kufika kitandani akaacha kupumua. La kufanya nililijua, hapo kozi haikunidanganya: nikanyanyua kidevu, nikamfunika barakoa, nikaminya mfuko wa hewa. Lakini mzee hakuwa na jino hata moja, mashavu yamebonyea, na hewa yote ikavujia pembeni. Kifua hakikuinuka. Kwenye simu ukikosea yanatokea maandishi mekundu, unarudia. Pale hakuna kilichoniambia kitu, nami nikazidi kuminya haraka kama anayejaza upepo tairi lililotoboka.

Elirehema alikuja mbio kutoka wodi ya pili. "Sogea!" Akakunja shashi ya kufungia vidonda, akaijaza ndani ya mashavu ya mzee, akaibana barakoa kwa mikono miwili. "Haya, minya. Taratibu." Kifua kikainuka. Ila moyo ulikuwa umeshasimama, na pamoja na yote tuliyofanya haukurudi.

Hakunigombeza. Alinawa mikono akasema, "Hicho ndicho tulichofanya Jumamosi." Bora angenipiga kofi.

Juzi yule mjane akaja na mkungu wa ndizi. "Mwanangu, niliona ulivyohangaika na mzee wangu. Ubarikiwe." Baba, nilishindwa kuupokea. Nikamwambia ukweli, kwamba hewa ilikuwa inavuja na sikujua namna ya kumshika.

Akauweka mkungu chini. Kisha akaweka vidole vyake mashavuni mwangu, akayakaza. "Mimi nikimlisha uji nilikuwa namshika hivi, usimwagike. Nilikuwa nimesimama palepale. Ungeniuliza tu."

Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye akanibembeleza. Ndizi aliniachia. Sijaweza kuzila, na kuzitupa siwezi.

Nisalimie Mama, umweleze polepole. Shangazi, anayenisifu kila wiki kwenye jumuiya, mwombe apumzike kidogo. Mdogo wangu wa mwisho mwambie namkumbuka sana.

Mazoezini nimekwenda, Baba. Vidole vyangu vilijifunza kwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu.

Mwanao,
Tumaini