Hakimu wa Kikorea Hakufika Buffalo

Mpendwa mdogo wangu Bahati,

Simu yako haiiti tena tangu Wamarekani walipokufukuza na ndege ikakushusha Kinshasa, mji ambao hukuwahi kuukanyaga na lugha yake huijui. Naandika hivi hadharani, huenda mtu akakusomea.

Jumapili baada ya ibada bado tunaangalia zile tamthilia za kale za Kikorea, za mahakimu wenye kofia nyeusi, zilizotafsiriwa na yule jamaa wa Dar anayewasemea wafalme na wanawake kwa sauti yake ileile moja. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwigiza, umejifunga shuka, Mama anacheka mpaka anashika mbavu? Nilizipenda, na uzuri wake siukatai. Kesi inasikilizwa uani, mchana, majirani wote wamesimama. Maiti inachunguzwa upya. Mjakazi anasimulia tangu mwanzo na hakimu hatazami saa. Mama alikuwa akisema, "Ni vile wazee walikuwa wanakata maneno kwetu mu milima," yaani walivyoamua kesi.

Ubaya wake nilichelewa kuuona. Mule ndani mtu akikubali kosa asilolifanya, ni kwa sababu amechapwa viboko mpaka basi. Wewe hakuna aliyekugusa. Uliamulia ugomvi wa watu nje ya ghala mlikofanya kazi, ukakamatwa nao, wakili akakuambia kubali yaishe, ukakubali. Kumbe mkimbizi akikubali kosa hufukuzwa; ulikuwa unajifukuza nchini mwenyewe. Hakuna tamthilia iliyotufundisha hilo.

Ilipokaribia siku ya kesi yako ya uhamiaji kule Buffalo, Mama akasema, "Bon, tuende sisi wote. Juge atamujua je kama haone batu yake?" Tukatoka Louisville na magari mawili ya kanisa, tukampitia Mjomba mjini Columbus, amevaa suti ya harusi, akifanya mazoezi ya ushahidi wake njia nzima. Wazee walikuwa wamegawana maneno: huyu aseme ulivyowachotea maji kambini, yule aseme ulivyomuuguza Baba. Hakuna aliyeulizwa kitu. Wewe ulikuwa kizuizini, tunakuona kwenye skrini ukutani tu, mkalimani kwenye simu, ukajibu ndiyo, ndiyo, hapana.

Ndipo nikaona Mama anateremka kutoka kwenye benchi. Akapiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso, kama alivyowaona wale wanawake wa Kikorea, akangoja aambiwe inuka useme. Mlinzi ndiye aliyemwinua, kwa upole, akidhani ameanguka. Sijui kama kwenye skrini yako alionekana. Mimi nililia njia nzima ya kurudi Okolona, mtaani kwetu Louisville.

Ubaya mkubwa kuliko wote wa tamthilia zile ni kwamba hakimu mwema hakosi kufika. Tumewaendea mawakili wengine, wanatikisa kichwa tu. Mimi simngoji tena, Bahati. Nimechoka kumngoja.

Ile tamthilia tuliyoianza na wewe kabla hujahamia Buffalo imebaki sehemu ya mwisho. Kila Jumapili tunairudia mpaka pale kijana amefungwa kamba, amepigishwa magoti uani. Nikitaka kuendelea, Mama ananinyang'anya rimoti.

"Zima, mwanangu. Hapa hawajakata maneno yake bado."

Nazima, kisha anauliza kama simu yako imeita. Namwambia nitajaribu kesho.

Kwaheri, mdogo wangu. Mama hajui kwamba nimekuaga.

Dada yako mkubwa