Mabwana wa Biskaya na Cherehani za Yeoville

Yeoville, Johannesburg, Julai 2012

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wazima. Bibi yako anakohoa kwa baridi, lakini anagomba kama kawaida.

Umeniandikia kwamba huko jimbo la Biskaya mnakoishi, bwana wa zamani hakutiiwa mpaka aape kulinda sheria za wenyeji. Amri iliyozivunja waliipokea kwa heshima, wasiitekeleze. Unauliza waliwezaje, na bwana ana askari.

Hapa nilikuwepo, nikiwa bado ripota, siku mwenye nyumba mpya, mhamiaji mwenzetu kutoka Lubumbashi, alipoleta karatasi ya kukataza cherehani vyumbani. Jengo zima liliishi kwa kushona. Mama Zawadi, fundi wa suruali, aliipokea kwa mikono miwili, akamwekea chai, akaendelea kushona.

"Eish, mama, umeisoma?"

"Nimeisoma, bosi. Mwandiko mzuri."

"Basi acha mashine!"

"Aliyekutangulia alituahidi tushone. Ahidi na wewe, mbele ya wapangaji hawa wote, ndipo tuzungumze amri."

"Nitaita polisi. Nyumba hii ni ya nani?"

"Yako, baba. Kunywa chai."

Vyumba vya jirani navyo vikaanza kushona. Nilimwuliza mwenye nyumba kama polisi ndio watakaopanga vyumba vyake. Alisikiliza mashine zile, kisha akaahidi, kwa hasira, kikombe mkononi.

Hata mwenye nyumba wetu alikuwa na askari wa kuita, Neema. Lakini kama angetufukuza sote, angebaki bwana wa vyumba vitupu. Nadhani wenyeji wa Biskaya walilijua hilo, na bwana wao pia.

Babu yako, mpangaji wa jengo lile lile