Taji la Mtoto Mnono

Sado, nimetoka mkutanoni sasa hivi. Wallahi Idil hana haya.

Anajisifu mbele za watu eti yeye ndiye aliyeanzisha kipindi cha hadithi cha watoto wachanga maktaba ya Garissa, mwaka tisini na saba. Kilivyokwisha hakusema.

Si alirudi na shahada yake ya Nairobi, akakata taji la karatasi, akawaambia kina mama kila mmoja amsifu mtoto wa mwenzake. Na bila mashallah, eti kuogopa jicho la husuda ni mambo ya wasiosoma. Atakayeonekana mnono kuliko wote avikwe taji.

Ghafla hakukuwa na mtoto mzuri Garissa nzima. "Wangu ana upele." "Wangu sura kama nyani."

Maka, mmoja wa kina mama hao, hakubisha. Kiburi kile kilimchosha tu. Akaliokota taji, akamvika mwana wa Idil mwenyewe.

"Huyu hapa. Mnono, mzuri, hana mfano." Akanyamaza.

Idil akamkwapua mtoto, taji likaanguka chini.

"Sema mashallah, Maka. Maka, nakuomba, sema mashallah."

Shahada yote ile, Sado.

Maka akatengeneza mtandio wake kwanza, bila haraka.