Salamu Zinazofuta Oda

Ziwani, Jumamosi jioni, Julai 1981.

Baridi ya leo haikuwa na huruma, lakini nimerudi nyumbani nikinuka moshi na kuimba peke yangu kama mwehu. Miguu inauma. Moyo hauumi.

Wiki nzima sijaandika humu kwa sababu ya aibu. Sasa wacha niseme. Jumamosi iliyopita, kule Soko la Burma ninakohudumia wateja, nilichukua mbavu za mbuzi za mteja mmoja nikawapelekea watu wengine. Asiyeijua kazi yetu ataona ni jambo dogo. Lakini pale kwetu mteja huingia buchani, huchagua nyama yake kwa kidole, hupimiwa akiona, ndipo iende kwa Kariuki mchomaji, nami nimwambie ni ya meza ipi na ichomwe vipi. Nyama hiyo ni yake. Huwezi kumletea nyingine umwambie zote ni mbuzi. Nilipogundua, wale wengine walikuwa wanalamba mifupa, na mwenye mbavu amesimama akiuliza kama sisi ni wezi.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Mama Njoki, mwenye bucha, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Kalekye, Jumamosi ijayo ukinichanganyia tena, basi utafute kazi kwingine."

Nikaenda nyuma ya bucha nikalia. Nina miaka thelathini na miwili, na nilianza kuamini akili inaniisha.

Kuandika oda? Nilijaribu. Karatasi hulowa mafuta, na Kariuki kwenye ule moshi hana macho ya kusoma. Tunabeba kichwani, ndivyo kazi ilivyo.

Jumatano akaja mteja mmoja, mwalimu anayefundisha saikolojia kwenye chuo cha walimu. Watu walikuwa wachache, nami kwa uchungu nikamweleza shida yangu. Akacheka. Ngai, nilikasirika! Kisha akanitajia tarakimu moja moja nizirudie: moja, mbili, moja, mbili, moja, tisa, sita, tatu. Nilifika ya sita zikavurugika. "Haya, sema tarehe ya Uhuru," akasema. Kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili, mwaka elfu moja mia tisa sitini na tatu. Wee! Tarakimu ni zilezile.

Akanieleza wanavyosema wataalamu wake. Eti kuna kumbukumbu ya muda mfupi, na ni finyu kwa kila mtu, hata profesa: vitu kama saba hivi, pengine pungufu. Usipovirudiarudia, baada ya sekunde chache vimeyeyuka. Kikija kipya, cha kwanza kinasukumwa nje. Lakini ukivifunga pamoja na jambo unalolijua tangu zamani, mzigo mzima unahesabiwa kuwa kitu kimoja.

"Ukitoka mezani kwenda kwa Kariuki, unafanya nini njiani?" akaniuliza.

Ninasalimiana.

Hapo ndipo nilipojiona. Burma imejaa watu wa kwetu. Mmoja ananiuliza habari ya mama, mwingine kama mvua imenyesha Machakos, na mimi sijui kumjibu mtu kwa neno moja. Nikifika kwa Kariuki nimebeba habari za mvua, oda imebaki njiani. Kumbe sina ugonjwa. Nina adabu tu, tena nyingi mno.

Leo saa saba palijaa hadi nje. Meza tatu ziliagiza kwa pamoja. Nikawageuza wote kuwa watu wa nyumbani: dirishani mbavu zikauke, huyo ni baba, anapenda kutafuna. Mlangoni mguu bila chumvi, huyo ni mama na presha yake. Kwenye kona maini na ugali mbili, huyo ni ndugu yangu Mutiso, hashibi. Nikaondoka midomo ikicheza: baba, mama, Mutiso. Baba, mama, Mutiso.

Na nani akatokea mbele yangu? Shangazi yangu wa Tala, ambaye sijamwona tangu Krismasi, mikono ameitandaza. "Kalekye mwanangu!"

Nilimpita.

Haki ya Mungu, shangazi yangu mwenyewe nilimpita kama nguzo ya stima. Nilimsikia nyuma yangu akisema, "Huyu naye amekuwa wa mjini." Iliniuma sana, lakini midomo haikuacha, baba, mama, Mutiso, mpaka nikamwaga yote mbele ya Kariuki. Kisha nikarudi mbio, nikamshika mikono miwili, nikampa salamu ndefu, za watoto, za ng'ombe na za mahindi. Alinuna kidogo. Nilipomwambia nilikuwa nimembeba kaka yake mdomoni pamoja na mbavu, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Siku nzima hakuna nyama iliyopotea. Tulipofunga, Mama Njoki alikuwa anapangusa mizani. Nikasimama pale na koti langu nikingoja. Wala hakuinua kichwa.

"Jumatatu uje mapema," akasema. "Kuna msichana mpya anaanza. Umfundishe kubeba oda."

Mimi! Nimfundishe mtu kukumbuka!